Nyuzi Zisizotumika

Gisenyi, Novemba 1998

Kaka Ildephonse,

Viazi vya Busasamana vimetoka vizuri, na mutoto wangu Liliane sasa anaongea kutwa.

Unasema kule maabara mumekuta jeni za kinga, walinzi wa mwili, zikifanya kazi ndani ya seli za neva, mahali hakuna aliyezitazamia, na munashuku zinakata nyuzi zisizotumika kati ya seli na seli. Bon, mi nasadiki. Tangu Pasaka bwana yangu amefungia kabatini karatasi yangu ya kuvuka mpaka. Anasema ni kunilinda. Usimuandikie juu ya hilo.

Jana tulisimama mpakani, pale Petite Barrière, Mama yetu akatupungia mukono toka upande wa Goma. Liliane akaniuliza, "Ule muzee ni nani?"

Mudogo wako,
Verediane