Chembe Zako Zilizobaki Kazini

Ni mwaka mzima sasa, dada, tangu uanguke kwenye korido ya maabara yako, kiharusi kikakuchukua kabla gari la wagonjwa halijafika. Mimi mdogo wako ndiye niliyepokea simu. Nilikuwa napiga pasi shati. Nilimsikiliza mwenzako wa kazi mpaka mwisho, nikamshukuru, kisha nikamalizia kupiga pasi mkono wa pili. Mpaka leo sijui nilimshukuru kwa lipi.

Familia imeniachia mimi kuandika haya kwa sababu, wanasema, nimejikaza. Sijajikaza. Nimekufa ganzi tu. Naamka, nanywa chai, naenda kazini, na nikiulizwa hali nasema salama.

Utotoni tulilala kitanda kimoja, tukaumwa na mbu wale wale. Mimi nikakimbizwa hospitali na degedege, wewe ukapiga chafya mbili ukaenda kuruka kamba. Hukulisahau jambo lile. Ulisoma mpaka ukavaa miwani mizito, ukatumia miaka ishirini na miwili kutafuta ni kitu gani katika damu tuliyorithi kinachompa mtoto mmoja kinga ya malaria na kumnyima ndugu yake. Nasi hatukukuonea haya, tukakuita Bibi Mbu.

Ulikuwa unakula umesimama, na funguo zako hazikuonekana hata siku moja. Jirani yetu mshona viatu hakuacha kukuletea kikohozi chake. Kila mara ulimwambia wewe si daktari wa kutibu watu, kisha ukamshika mkono na kumpeleka zahanati mwenyewe. Kila mama aliyekuruhusu kumtoa mwanawe damu ulimrudia nyumbani kwake, ukakaa naye chini, ukamweleza ulichokiona. Vijana wa maabara wanasema walikuwa wakinung'unika kuhusu safari hizo. Sasa wanakwenda bila kuambiwa.

Miezi mitatu baada ya mazishi, mwenzako yule mrefu mwenye sauti ndogo alikuja nyumbani na fomu. Kumbe wewe pia ulijitolea damu kwa ajili ya utafiti, na chembe zako za kinga zimehifadhiwa zikiwa hai kwenye mtungi wa baridi kali. Ulikuwa umeandika kwamba ukifariki, baba ndiye aamue kama ziendelee kutumika au ziteketezwe.

Baba alisema amemzika mwanawe mzima, hataki kusikia habari za kipande kilichobaki kwenye chupa. Mwenzako hakumshurutisha. Alisema tu kwamba wataisubiri kauli yake, na bila kauli hiyo hakuna atakayezigusa chembe zile. Fomu ikakaa juu ya kabati miezi tisa. Mama akawa anapangusa vumbi kuizunguka. Hatukugombana, hatukuizungumzia.

Wiki iliyopita baba alivaa koti, akaniambia nimpeleke maabara.

Walimpa miwani ya plastiki, wakafungua mtungi, moshi wa baridi ukamwagika mpaka kwenye viatu vyake. Kikatolewa kijichupa kifupi kuliko kidole, kina namba tu. Baba alikitazama sana. Akauliza kama kweli chembe zile ziko hai. Mwenzako akamjibu kwamba zimelala, na zikipashwa joto huamka. Zikiwekwa pamoja na vijidudu vya malaria huvitambua upesi na kuanza kupambana navyo. Katika damu zote walizonazo, hawajaona nyingine inayofanya hivyo kama yako, na bado hawajajua sababu.

"Hata sasa?" baba akauliza.

"Hata sasa, mzee."

"Basi mwacheni afanye kazi."

Akasaini akiwa bado amevaa ile miwani. Hapo mimi nikaona uchungu kwa mara ya kwanza tangu ile simu. Ulikuja kidogo tu, ukaondoka.

Unakumbukwa na baba na mama. Kaka yetu mkubwa na wifi yako. Watoto wao watatu, ambao mdogo wao bado anauliza shangazi atarudi lini. Mimi mdogo wako. Wajomba, mama wadogo na binamu zako wote. Wenzako wa maabara. Na mshona viatu, ambaye ameomba atajwe.

Siku zote za maisha yetu tutakukumbuka.

Wanasema Jumatatu asubuhi ndiyo watakuamsha. Kazi njema, dada.