Kitanda Alichokiwamba Mama

Kampala, mwezi wa Rajabu

Kwa ndugu yangu wa tumbo moja, Mwanakombo binti Salim, Kibokoni, Mombasa.

Assalamu alaikum. Nakusalimu kwa mkono uliochoka, lakini salamu zenyewe hazijachoka. U hali gani, ndugu yangu? Magoti yamekupa ruhusa ya kupanda ngazi, au bado unalala chini? Na Saida, mjukuu wako, ambaye najua ndiye anayekusomea barua hii, hajambo?

Saida, mwanangu, hebu nisikilize babu yako kabla hujaendelea. Msomee bibi yako kila neno kama lilivyo. Usipambe, wala usiruke, hata ukifika mahali ukaona haya. Sababu utaiona mbele.

Mimi hapa nipo, ila nipo kidogo. Kifua kimenishinda. Mwanangu Salim amenitilia kitanda chumba cha nyuma ya duka lake, karibu na dirisha, nami nasikiliza mvua za huku, ambazo hazijui kupiga hodi. Mkewe ni mtu mwema, ananipikia uji wa wimbi. Juzi daktari alipomaliza kunipima hakuzungumza nami, alimwita Salim mlangoni. Mimi si mtoto, najua mambo yanayozungumzwa mlangoni. Basi naandika asubuhi baada ya chai, mistari michache, na leo ni siku ya nne.

Barua yako ya msiba niliipokea. Siku zote nitasikitika kuwa mazishi ya Mama sikuyawahi, wala arobaini. Umenieleza ulivyomwosha, alivyokuwa mwepesi kama kikapu kitupu, na viganja vyake vilivyokuwa bado vigumu katika umri wa miaka tisini na kitu. Halafu mwisho wa karatasi ukaandikisha swali hili: "Kaka, wewe ndiye uliyekuwa ukimwandikia Mama barua. Mbona siku ile nilipomwomba nirudi nyumbani alinijibu vile? Nimemtunza miaka yote hii sikumwuliza kwa adabu, na sasa hayupo wa kuulizwa."

Nitakujibu, Mwanakombo. Lakini niache kwanza nimtaje Mama, maana jibu lako liko ndani ya maisha yake.

Wewe ulizaliwa umemkuta keshakuwa mtu wa Mjini. Mimi alinisimulia mwenyewe, tena kwa kucheka, alivyoingia Kibokoni akiwa mwari. Alitoka shambani kwao Kisauni, akavushwa maji na sanduku lake la harusi, na walipolifungua wanawake wa mtaani wakakuta ndani ya leso na udi limelazwa jembe. Walicheka mpaka wakashikana. Bi Zena, mke wa mfua fedha, ndiye aliyemuuliza: "Utalima wapi hapa, Bi Shamba? Juu ya dari?"

Mama akamjibu: "Nitalima vichwa vyenu, bibi. Naona vina magugu."

Jina la Bi Shamba likamganda, naye akalivaa kama wengine wanavyovaa vikuku. Uwanda ule wa nyuma, ambao watu walikuwa wakiutupia mapande ya mitungi, akaugeuza. Mitungi ile ile iliyovunjika akaijaza udongo, akapanda mchicha, pilipili, kunde, na mrihani kwa ajili ya Baba, aliyependa kuusikia ukinukia akishona kanzu zake. Baba alipofariki, wewe ukiwa na miaka tisa, ndugu zake walitaka kutugawa, mimi huku, wewe kule. Mama hakugombana nao. Alisema tu, "Kuku hagawi vifaranga," akalichukua jembe. Kila juma alivuka kwenda Kisauni na kurudi na kikapu cha muhogo kichwani, shingo imenyooka kama mtu aliyebeba taji. Sisi hatukulala njaa hata siku moja. Nami nilipotaka kuacha masomo kwa masheikhe ili nimsaidie kulima, alinifukuza shambani kwa kunitupia madongo. "Mimi nasoma mvua," akasema. "Wewe kasome vitabu. Katika nyumba hii pasikosekane kitu cha kusomwa."

Basi nikasoma. Kila sifa niliyopata Mombasa, kwa hati yangu na ufasaha wangu, ilitoka katika kikapu kile.

Na vita hivi vilivyokwisha juzi, wewe mwenyewe ulishuhudia. Unga ulipokuwa wa kugaiwa na watu wamesimama foleni tangu alfajiri, nani alikuwa akibisha hodi uani kwetu? Uliniandikia, nami nikacheka peke yangu huku Kampala. Bi Zena, na fimbo yake, na meno mawili.

"Bi Shamba, nipe majani kidogo, wajukuu hawana kitoweo."

Na Mama, macho yameshapofuka, akamwambia: "Chuma utakacho. Lakini kwanza inamisha kichwa nikipapase. Nataka kujua kama magugu bado yapo."

Mkacheka nyote watatu. Huyo ndiye mama yetu. Hajui alifu wala be, na sijaona msomi aliyemshinda neno.

Sasa naja penye uzito.

Ulipoolewa na Seif ukapelekwa Unguja, mimi ndiye niliyekuwa kalamu ya Mama. Alikaa juu ya kinu kilicholazwa, akasema, nami nikaandika. Alikuwa akisema mambo yake: kuku mweupe ametaga chini ya ngazi, kunde zimeingia wadudu, nimeota unakula embe mbichi, je, una mimba? Mimi, kijana niliyesifiwa kwa hati, niliona haya. Nilijua barua itasomwa mbele ya wakwe zako, watu wakubwa. Nikawa naandika kwa lugha ya vitabuni: hali zetu ni njema, twakuusia utii na ibada. Kisha kwa kuwa desturi ni kumsomea mwenyewe barua kabla haijafungwa, nilimsomea Mama yale aliyoyasema, si niliyoyaandika. Nilikuwa na kumbukumbu nzuri. Aliitikia kwa kichwa akaridhika, akasema, "Ndivyo."

Huo ulikuwa uongo wa kujipamba. Lakini mtu akishazoea kuongopa mbele ya mama yake, la pili huwa jepesi.

Ikaja barua yako ile. Umemzika mtoto wako wa kwanza, Seif ameoa mke wa pili, mama mkwe amekutoa chumbani kwako amekuweka jikoni. Ukauliza: Je, Mama, nirudi? Nilimsomea barua hiyo neno kwa neno. Mama akaniambia nishike kalamu, akasema. Nami nikaandika haya, ambayo najua unayakumbuka kuliko mimi: "Mke mwema havuki mlango wa mumewe. Subiri, wala usitutie aibu."

Maneno hayo ni yangu, Mwanakombo. Mama hakuyasema. Hakusema hata moja.

Unajua nilikuwa nimemchumbia Maryamu, dada yake Seif. Harusi ilikuwa Mfunguo Mosi. Ungerudi wewe, uchumba ungevunjika, nami nilimpenda Maryamu. Mungu amrehemu, aliishi nami miaka thelathini hakujua nilimnunua kwa bei gani. Watoto wangu wote watano wamezaliwa juu ya karatasi ile. Sitajificha pia nyuma ya Aziza binti yako, kusema kuwa usingebaki kwa Seif usingemzaa, na Saida asingekuwapo kukusomea. Aziza ni rehema ya Mungu. Mimi sikuwa na Aziza moyoni nilipoandika. Nilikuwa na nafsi yangu.

Ukakaa Unguja miaka tisa.

Siku ile ile niliyoifunga barua, Mama alikwenda kununua kamba za usumba akafumua kitanda chako cha usichana, akakiwamba upya kwa mikono yake. Ulipokuwa huji, alidhani umekataa mwenyewe. Hata hivyo, kila mwezi wa mlisho, kabla ya Ramadhani, alizifumua kamba zilizolegea akaziwamba tena. Harusini kwangu nyumba ilijaa wageni mpaka wengine wakalala ngazini, nikamwambia, "Mama, kitanda kile kitupu." Akasema, "Kina mwenyewe."

"Mwenyewe yuko Unguja, Mama."

"Basi ana ndia ndefu. Nendeni mkatandike mkeka."

Ulipoachwa hatimaye, ukaingia kwa mlango wa nyuma umembeba Aziza, unakumbuka Mama alikuuliza neno moja tu: "Umekula?" Wewe ukadhani ni ukali. Asubuhi yake ukaniuliza, "Kaka, mbona kamba za kitanda changu ni mpya?" Nikakujibu, "Za zamani zilioza." Mlango wa kusema kweli ulikuwa wazi siku hiyo, nikaufunga kwa maneno matatu.

Mama naye aliniita pembeni. Akaniambia: "Usimwulize kwa nini hakuja nilipomwita. Amesimama miaka tisa penye moto. Mimi nisingeweza mwaka mmoja. Mtu hasutwi kwa kuvumilia." Alikuwa akikuonea fahari, ndugu yangu. Mpaka mwisho wake alijua amezaa mtoto aliyemshinda kwa ushujaa. Na wewe ukamlisha na kumwogesha miaka yote, ukidhani unamhudumia mama aliyekukataa. Kila mmoja wenu alinyamaza kwa ajili ya mwenzake, na mimi nimekaa katikati nasifiwa hati.

Siombi uniambie umenisamehe. Ukiweza, mwambie Mungu, kwani mimi huenda nisiwepo kulipokea jibu. Ninaloomba ni moja: ukienda kaburini usiende tena na swali lile. Nenda kama binti anayeitwa na mama yake. Na mwezi ujao ni wa mlisho. Kitanda kiwambwe.

Nisalimie Aziza, mtoto pekee uliyebakiwa naye, na mumewe aliyelibeba jeneza la Mama wakati mimi sikuwapo. Msalimie shangazi yetu wa Kuze, kama masikio bado yanasikia. Mpe salamu Bi Zena, adui wa Mama na rafiki yake wa mwisho, na umruhusu achume. Watu wa Kisauni, waliobaki katika shamba la babu, waambie nimewataja kwa majina katika dua. Salim na mkewe wanakuamkia, shikamoo yao hii.

Saida, umesoma vizuri. Sasa vuta pumzi. Nafasi iliyobaki si yangu. Hii ndiyo barua ya Mama, aliyoisema akiwa amekaa juu ya kinu, nikamsomea kwa kichwa, na tangu hapo sijaacha kuisoma. Bibi yako ameingojea zaidi ya miaka arobaini. Msomee polepole.

"Mwanakombo, mwanangu. Barua yako imefika, nimesomewa mara mbili, zote mbili nimelia, basi usinifanye nisomewe ya tatu. Ndoo, rudi kwetu. Usingoje ruhusa ya mtu, ruhusa nimekupa mimi niliyekuzaa. Watu wa Kibokoni watasema. Waache waseme, ndimi zao hazina kazi nyingine. Waliponicheka mimi na jembe langu sikufa, nawe hutakufa. Kitanda chako nakwenda kukinunulia kamba yeo hii, nikiwambe. Kuku mweupe ana vifaranga saba, mmoja mguu wake mbovu, huyo nimekuwekea wewe, kwa kuwa wajua kulea. Umezika mtoto, lakini bado u mama, asikudanganye mtu. Ukifika usione haya kupita mbele, wala usipite nyuma kama mwizi, pita utakapo. Utanikuta uani napalilia. Ndoo, mwanangu. Muhogo umekomaa."

Aliyesema ni mama yako, Mishi binti Hamisi, wa shamba la Kisauni.

Aliyeandika, akachelewa, ni kaka yako Athmani.