Bunduki ya Babu Hairudi

Montana, Alhamisi

Kwako Baba,

Shikamoo. Natumaini mgongo haukusumbui sana, na ng'ombe wote mmeshawashusha kutoka mlimani kabla ya theluji. Mimi ni mzima, ila hasira zimenijaa mpaka hapa kooni.

Ujumbe wako wa simu nimeusikiliza mara mbili. Umeniita mwizi. Umesema nimemdhalilisha mdogo wangu Colter mbele ya wenzake, msimu wa kuwinda kulungu ukiwa mlangoni, na kwamba Jumamosi unakuja mwenyewe kuhakikisha namrudishia bunduki ya Babu. Haya, sasa nisikilize na mimi.

Hapa chuoni bunduki za kuwindia huwekwa kwa polisi wa chuo. Mwanafunzi huichukua Ijumaa, akaenda porini, Jumapili akairudisha. Colter alifanya hivyo mwaka wa kwanza bila shida. Ni wewe uliyemcheka, ukamwambia mwanaume haombi askari ruhusa ya kushika mali yake. Basi akaipeleka kwenye nyumba aliyopanga, akaiweka chini ya kitanda.

Tangu Septemba Colter amefeli hesabu, mpenzi wake Shelby amemwacha, na anakunywa pombe peke yake. Nilipokudokeza ukasema huo ni utoto, akipata kulungu mmoja mzuri atapona. Kulungu, Baba!

Jumapili nilikwenda kwake nikazuga kwamba nataka kuiazima nikawinde. Unajua alivyo na wivu nayo, hata kuifuta vumbi haniruhusu. Nilitegemea anitanie kwamba nitajipiga kidole cha mguu. Hakunitania. Aliinama, akaitoa, akanikabidhi pamoja na risasi zote, bila kunitazama usoni.

"Ichukue, dada," alisema. "Hata nikikuomba, usinipe."

Sijawahi kuogopa namna ile. Kesho yake nilimpeleka kwa mshauri wa chuo, na sasa analala kwangu, kwenye kochi.

Kisha nikampigia Mama. Alilia sana, halafu akaniambia habari za Baba Mdogo Clell. Miaka yote umetuambia alikuwa anasafisha bunduki ikafyatuka, ikamuua. Huko bondeni kwetu kila familia ina mtu wake aliyekufa akisafisha bunduki, na hakuna anayeuliza. Clell hakuwa anasafisha chochote, na bunduki ilikuwa hiihii. Wewe uliiokota, ukaipangusa, ukaitundika ukutani, kisha ukampa mwanao iwe zawadi ya kwenda chuo. Uliwezaje?

Basi usijisumbue kuitafuta. Nimeipeleka kwa fundi wa kuchomelea, akaikata vipande nikimwangalia. Nichukie upendavyo.

Jumamosi njoo, lakini njoo mikono mitupu, maana nakujua, kwenye gari hukosi nyingine. Ukija nayo, mlango sifungui.

Msalimie Mama, na umpapase mbwa kwa niaba yangu. Colter ameanza kula kidogo, na jana alicheka. Nakuarifu kwa sababu ujumbe wako ulikuwa mrefu sana, na hali yake hukuiuliza.

Ni mimi binti yako,
Marnie