Shuka la Mama Nje ya Dirisha

Rennes, 4 Machi 1984

Baba mpendwa,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Usiniandikie "halijambo" halafu jirani yako Fañch anipigie simu kazini kusema unapanda ngazi kwa mguu mmoja. Mimi ni mzima, mafua tu.

Nina habari. Ofisi yetu ya majengo ya kale itavishusha vioo vya rangi vya kikanisa chetu vikatengenezwe, maana mikanda ya madini ya risasi inayoshikilia vipande imechoka. Kabla havijaguswa, lazima vipigwe picha vyote, pamoja na nguzo na matao. Mpiga picha ni mimi. Nilipoona jina la Kerbrizen, kijiji chetu, kwenye karatasi ya kazi nilicheka, kisha nikaenda chooni nikalia kidogo.

Kiapo chako nakijua. Tangu nguruwe wa padri amalize kabichi zako, na padri aseme ni mapenzi ya Mungu, hujakanyaga mle ndani isipokuwa siku tuliyomzika Mama. Sikuombi uingie. Naomba ufunguo na chakula. Ila nikuambie ukweli, nilipokuwa mdogo niliona haya. Wenzangu walikaa kati ya baba na mama, na mimi nilikaa kati ya Mama na mkoba wake.

Binti yako,
Solenn

*

Kerbrizen, 15 Machi 1984

Mwanangu Solenn,

Marahaba. Goti ni la mzee, linalalamika kama mwenyewe. Hayo mafua yako chemshia maziwa na asali, uache kutembea kichwa wazi.

Ufunguo uko kwenye msumari nyuma ya mlango, pale mama yako alipouacha. Wageni wanaokuja kukiona kikanisa bado wanavuka njia kubisha hodi kuuomba. Nawapa kupitia dirishani, nawangoja waurudishe, basi. Siwasindikizi.

Njoo siku ya jua. Nitakuwa naliangalia anga kila asubuhi, na likitakata nitakwenda kwa Fañch nikupigie simu. Vioo vile bila jua ni vya nini?

Padri yule amekufa, najua. Nguruwe naye tulimla. Lakini neno nililitoa mbele ya watu.

Hilo la mkoba nimelisoma zaidi ya mara moja. 

Baba yako,
Gildas

*

Rennes, 20 Mei 1984

Baba,

Shikamoo, na pole ya goti. Asante kwa chapati za ngano nyeusi, na ile siagi uliyonifungia kwenye begi la kamera. Lenzi moja bado inanukia kifungua kinywa.

Sasa usinikasirikie. Matao yametoka vizuri sana, hadi kwenye ncha zake, lakini picha za vioo zimeharibika. Ulinitafutia jua kwa moyo wote, ukafika kituoni kunipokea unacheka kana kwamba umelinunua wewe, nikashindwa kukuambia kwamba sisi watu wa kazi hii tunaomba mawingu. Kwenye dirisha la kusini, jua limeunguza upande mmoja, na upande wa pili una kivuli cha mti. Ukuta wa nyumba yetu umetokeza kwenye joho la Mtakatifu Anna.

Nitarudi siku ya mawingu. Nitahitaji shuka jeupe litandazwe nje ya dirisha, lisawazishe mwanga na kuficha vilivyo nyuma. Na mtu wa kulishika.

Nje, Baba. Nje si ndani.

Solenn wako

*

Kerbrizen, 1 Juni 1984

Mwanangu,

Marahaba. Yaani majira yote ya kuchipua nimekodolea macho anga, kumbe nakuharibia kazi! Mawingu ungeniambia mapema. Hapa kwetu ndiyo mali pekee tusiyohesabu. Fañch amecheka hadi akakohoa.

Nimetoa sandukuni shuka la kitani la arusi ya mama yako, lenye herufi za jina lake pembeni. Alilitunza kwa ajili ya wageni wakubwa, na wageni wakubwa hawakuja. Mtakatifu Anna anatosha. Nitalishika mwenyewe.

Nilipokuwa nalipiga pasi niliwaza jambo. Kila Jumapili mama yako Annaïg alivuka njia bila mume, mimi niko kwenye viazi vyangu, kiburi kimenikaa shingoni. Kila Jumapili, Solenn. Sikumuuliza hata mara moja kama ilimuuma. Sasa nimuulize nani? Jambo hili linaninyima usingizi kuliko goti.

Mawingu yako tele. Njoo.

Baba yako

*

Rennes, 9 Julai 1984

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mikono imepona? Kushika shuka juu na upepo ule si mchezo. Nilimsikia Fañch akipita: "Wee Gildas! Unaanika nguo, au unamfungia Mtakatifu asione jirani zako?" Nawe: "Nenda zako, tuko kazini!" Nilicheka hadi kamera ikatikisika, nikalazimika kurudia.

Picha zimetoka. Nzuri, Baba. Nyekundu ni nyekundu, buluu ni buluu, na mikunjo ya joho inahesabika. Ofisi imezichukua zote isipokuwa hii ninayokutumia, maana kwao ina kasoro. Tazama kona ya chini, kushoto. Unakumbuka kile kipande cheupe, kioo cha dirisha la kawaida tu, kilichowekwa baada ya dhoruba kuvunja cha rangi? Kuna pua ndani yake. Ni yako. Uliingiza kichwa chini ya shuka kuchungulia kama nimemaliza, ukaganda palepale muda wote kamera ilipokuwa wazi.

Lakini kuna jambo sikukuambia siku ile. Ningelia, nawe ungekimbilia bandani kujifanya unatafuta koleo.

Ulipoondoka na shuka, nilikaa kwenye benchi la Mama kufunga vifaa. Unajua alivyoligombania. Bibi Corre alipojaribu kulikalia, Mama alimwambia, "Hapa nimekaa mimi, na nitaendelea kukaa." Tulidhani ni ukaidi. Nilikaa palepale pake, nikainua macho, na kile kipande cheupe kikawa sawasawa na jicho langu. Nikaona mlango wetu. Nikaona bustani ya viazi. Nikakuona unakunja shuka la Mama, pembe kwa pembe, unalibusu, halafu unaangalia huku na huku kama kuna aliyekuona.

Mimi nilikuona. Na Mama alikuona kila Jumapili, Baba. Hakukaa peke yake mle.

Binti yako,
Solenn

*

Rennes, 18 Septemba 1984

Baba,

Shikamoo. Mbona kimya? Fañch anasema unakula na unatembea, ila huongei. Kama barua yangu imekuumiza, nisamehe.

Mafundi watakuja Jumatatu kuvishusha vioo. Kile kipande cheupe wanataka kukibadilisha, waweke cha rangi.

Niandikie hata mstari mmoja.

Solenn

*

Kerbrizen, 24 Septemba 1984

Mwanangu Solenn,

Marahaba, mama. Mimi mzima. Hukuniumiza. Barua yako ilikuwa nzito tu, na mimi ni mtu wa kubeba polepole.

Miaka yote dirisha lile nimelijua kwa nje. Kwa nje ni jeusi, Solenn, jeusi tii, huoni kitu. Hata siku ile nilipochungulia niliona giza tu. Nilidhani na yeye, kwa ndani, alikuwa gizani.

Jana Jumapili, watu walipokwisha kutoka, nilichukua ufunguo msumarini. Fañch alikuwa barabarani. Akafungua mdomo, akaufunga. Sijawahi kumwona akifanya hivyo.

Nikaingia. Nikakaa kwenye benchi lake. Nililazimika kuinama kidogo, maana alikuwa mfupi. Rangi zote zile zilinimwagikia mikononi, nikaona haya kwamba mikono ni michafu. Halafu nikatazama kwenye kipande chake. Mlango wetu. Viazi. Jembe langu nimelisahau nje. Nikamsikia kabisa anasema, "Gildas, jembe!" Nililia kama mtoto, na sijutii.

Leo mafundi wamefika. Nimemwambia mkubwa wao kile cheupe akirudishe hivyohivyo. Akasema si cha zamani, hakina thamani. Nikamtolea picha yako, nikamwonyesha pua. Nikamweleza benchi. Alivua kofia, akakifunga kwenye kitambaa chake mwenyewe. Kitarudi.

Na wewe utarudi kupiga picha vioo vikishawekwa. Shuka limefuliwa, lipo sandukuni. Ila mtafute mtu mwingine wa kulishika. Fañch ana mikono mirefu.

Mimi nitakuwa ndani.

Baba yako,
Gildas