Akko, Kesho Moshi Wako Unaoshwa

Mpendwa Akko, bibi yangu,

Salamu kutoka Garsen, za mjukuu uliyemwambia ana pua kubwa kuliko akili. Nakuandikia ingawa hukuwahi kusoma, na sidhani huko uliko wamekufungulia ngumbaru. Lakini siku tatu hizi situlii, Akko. Nakizunguka kile chombo cha kijani cha mama, nakihamisha. Jana nilikiweka juu ya friji. Leo nikakificha ndani ya gunia la unga. Mama akakikuta alipokwenda kuchota wa ugali, akaniuliza mtu mwenye mvi ana mchezo gani na vyombo vya wenyewe.

Unakikumbuka? Alikuja nacho kutoka Kipini alipoolewa na mwanao, kimeviringishwa kwenye leso tatu. Kwao, nilivyojua, kilikaa kidakani ukutani kutazamwa tu. Siku moja wewe ulifika na maziwa yako kutoka malishoni, ukakinusa, ukatoa hukumu kwa Kiswahili chako cha malishoni: "Chupa nzuri, lakini nanuka sanduku. Maziwa nataka moshi."

Mama alikuwa sokoni. Ukakifanyia kama ulivyofanyia vibuyu vyako vyote: ukatumbukiza kijiti chenye kaa la moto, ukakisukasuka, ukafuta majivu, ukajaza maziwa. Mimi nilikuwa na miaka sita, na ndimi niliyekunywa wa kwanza. Sijutii.

Mama aliporudi, alishika kichwa. "Wallahi, mama mkwe! Umeifukiza kauri ya mamangu!"

"Onja kwanza," ukamwambia, "halafu gombana."

Akaonja, akagombana, akaongeza kikombe. Watu wa Kipini huamini kwamba kauri ya kijani ikitiwa sumu hupasuka. Basi kwa miaka mingi mama aliwaambia majirani, "Angalau nimejua mama mkwe hana sumu. Ana moshi tu."

Sasa sikiliza. Juzi alikuja mama mmoja mtaalamu wa vyombo vya kale, ana glavu nyeupe kama za daktari. Alikitazama kile chombo mpaka chai yake ikapoa. Akasema kimetoka Uchina, kina umri wa karne kadhaa. Alituonyesha petali za yungiyungi zilizochongwa kwenye udongo kabla ya kupakwa rangi. Mimi nimeishi nazo miaka yote hii nikidhani ni mikwaruzo yangu. Akasema ule ukijani, kama jani changa la mgomba ukilielekeza juani, haukuja kwa mara moja: fundi alipaka, akaacha kikauke, akapaka tena, kisha kikaingia kwenye tanuri refu lililopanda kilima. Kule chini, pasipopakwa, moto umeacha mstari mwekundu kama kutu. Mafundi wa vyombo vya mfalme, akasema, walikivunja palepale kilichotoka na doa. Nikakuwaza wewe na pengo lako, na mimi na kitambi changu. Tusingefika hata mlangoni.

Kisha akaingiza tochi mdomoni mwa chombo, akauliza, "Huu weusi ndani ni wa nini?"

Mama akajibu kabla yangu. "Ni mama mkwe."

Kesho yule mtaalamu anarudi kukiosha. Mama amekubali. Na humo ndani, Akko, ndimo ulimobaki. Kaburi lako lilichukuliwa na mafuriko, picha hukupenda kupigwa, binamu zangu siku hizi wanabeba maziwa kwa mitungi ya plastiki. Nikiingiza pua mle, nakupata mzima mzima, na jasho la safari. Jumatano nilijaribu kufukiza mwenyewe, kwa kijiti cha mti wa mathenge, kwenye jagi la plastiki la jikoni. Jagi lilikunja uso na kulala upande. Kazi yako niliicheka utotoni badala ya kujifunza.

Leo mchana nikamwambia mama ukweli: nisamehe, nakificha kwa sababu ya harufu ya Akko.

Hakunikaripia. Alikaa kwenye kitanda cha kamba, akakipakata kile chombo.

"Kabla ya moshi wa bibi yako," akasema, "humu ndani mlikuwa na asumini. Mamangu alitia asumini humu kila Ijumaa. Nilikuja nayo kutoka kwetu harufu ile, ilikuwa ndiyo mama yangu. Ikatoka siku moja, nikiwa sokoni. Nani aliniuliza mimi?"

Umri huu wote nimelisimulia tukio lile kwenye harusi na matanga, watu wanacheka, na mama anacheka nao.

Kwa hiyo niwie radhi. Kesho nitashika beseni mwenyewe. Maji yakitoka meusi nitajua ndiwe unayetoka, na sitakuzuia kwa mkono. Umekaa ugenini kwa mkweo miaka arobaini na ushei. Mgeni akiaga husindikizwa. Nitayabeba maji yale taratibu, hatua kwa hatua, mpaka pale njia ya ng'ombe inapoanzia, niyamwage huko.

Nenda salama, Akko.

Ni mimi mjukuu wako, yule wa pua.