Diski ya Pili ya Kompyuta ya Nakshi

UMOJA WA MAFUNDI CHEREHANI
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA

Tarehe: Jumamosi, 14 Machi
Mahali: Chumba cha kukatia, kuzunguka meza kubwa
Muda wa kuanza: Saa 3:20 asubuhi. Kilipangwa saa 3:00, lakini ufunguo alikuwa nao mpiga pasi.

Waliohudhuria:
Mwenyekiti, fundi suti
Fundi nakshi, mjumbe
Mkata vitambaa, mjumbe, na pia wifi yake fundi nakshi (ameolewa na kaka wa fundi nakshi)
Mpiga pasi, mjumbe
Katibu, mshona vifungo, mwandishi wa kumbukumbu hizi

Asiyekuwepo: Mshona mapazia, kwa udhuru. Amempeleka mkwewe kliniki.

KUMB. NA. 4/1: KUFUNGUA KIKAO

Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe kwa kuacha vitanda vyao siku ya Jumamosi. Alisema ajenda kubwa ni moja tu, kompyuta, na kwamba angefurahi kama watu wote wangetoka humu ndani wakisemezana. Wajumbe wawili walitazama dirishani, kila mmoja dirisha lake.

Kwa faida ya atakayesoma baadaye: mwaka jana mkata vitambaa aliona kompyuta inakwenda polepole, akaamua kuisafisha. Katika kusafisha huko alifuta michoro arobaini na moja ya nakshi ambayo wifi yake aliichora kwa miaka mingi. Tangu siku hiyo fundi nakshi hajamsemesha wala hajamruhusu kugusa hata kipanya. Wakiwa na la kuambiana humpitishia Katibu. Katibu anaomba iandikwe kwamba kazi hii hakuiomba.

KUMB. NA. 4/2: MENO YA KUCHEKA

Mwenyekiti alieleza kwamba kliniki ya meno imetuletea kazi ya makoti sitini, kila koti liwe na nembo kifuani: jino linalocheka. Mchoro wa nembo umetumwa kwa barua pepe tangu Jumatano. Sampuli inatakiwa Jumatatu asubuhi, na wasipoiona kazi itakwenda kwa wengine.

Fundi nakshi alieleza kwamba kompyuta yetu imegoma kuufungua mchoro huo. Barua pepe yenyewe haifunguki siku hizi. Kioo kinasema mfumo umepitwa na wakati, kisha kinanyamaza. Alijaribu kuchora jino kwa kukisia. Wajumbe walioneshwa. Mpiga pasi alisema linafanana na kiazi kilichofurahi. Mwenyekiti alimwomba afute kauli. Mpiga pasi alifuta "kilichofurahi".

KUMB. NA. 4/3: MAPENDEKEZO

Mwenyekiti aliuliza kwa nini tusiweke mfumo mpya basi, mambo yaishe.

Fundi nakshi alijibu kwamba programu inayozungumza na mashine ya nakshi haifanyi kazi ila kwenye mfumo huu wa zamani, na aliyeiuza alishafunga duka. Alisema ndani ya diski hiyo mna michoro mia sita na kitu, iliyobaki baada ya ile "iliyosafishwa". Neno hilo alilitamka taratibu. Alisema mtu akiligusa sanduku lile la kompyuta, yeye atabeba vitu vyake na kwenda kushonea barazani kwake.

Mkata vitambaa alimwomba Katibu amwambie fundi nakshi kwamba hakuna haja ya kugusa diski ya zamani. Kompyuta ile, pamoja na uzee wake, ina nafasi ya diski ya pili. Mfumo mpya utawekwa kwenye hiyo ya pili, na wa zamani ubaki kama ulivyo. Ukitaka nakshi unawasha huu, ukitaka barua pepe unawasha ule.

Katibu alimwambia fundi nakshi, aliyekuwa amekaa umbali wa mita moja.

Fundi nakshi alimwomba Katibu aulize: hayo yote mtu ameyajulia wapi?

Hapo mkata vitambaa alitoa daftari kwenye mkoba, akaliweka mezani. Lilikuwa limejaa maandishi na picha za waya zilizochorwa kwa penseli. Alisema tangu mwaka jana, Jumanne na Alhamisi akitoka kazini, amekuwa akienda darasa la kompyuta. Mwenyekiti alisema sisi sote tulidhani anakwenda kwa mama yake. Alijibu kwamba aliona aibu kusema.

Katibu alilifungua daftari na kuona kwamba kwenye ukurasa wa kwanza pameandikwa mstari mmoja tu: "Kwanza uliza, halafu gusa."

Mpiga pasi alisema shemeji yake ana kompyuta ya mkononi iliyopasuka kioo, lakini diski yake ni nzima, na amekubali itolewe. Diski hiyo alikuwa nayo mfukoni, ndani ya soksi safi, kwani mkata vitambaa alimwomba tangu jana.

KUMB. NA. 4/4: SHARTI LA FUNDI NAKSHI

Fundi nakshi alikubali kwa sharti moja. Aliuliza, bado kwa kupitia Katibu, nini kitamzuia mtu kukosea tena na kufuta diski siyo.

Mkata vitambaa alisema amelifikiria hilo usiku na mchana. Diski ya zamani haitazimwa wala kufichwa, itatolewa kabisa ndani ya sanduku kabla ya kazi kuanza, na fundi nakshi mwenyewe ataishika. "Kitu kisichokuwemo hakifutiki," alisema. "Hata nikitaka."

Sharti lilikubaliwa na wote.

KUMB. NA. 4/5: KUFUNGUA SANDUKU

Kompyuta ilizimwa, waya wa umeme ukachomolewa ukutani, na sanduku likalazwa juu ya meza ya kukatia. Mkata vitambaa alifungua skrubu na kuziweka kwenye kifuniko cha kopo la vifungo. Ndani kulikutwa vumbi zito, nyuzi za rangi zote na pini mbili. Mpiga pasi alitaka kupuliza kwa mdomo. Alizuiwa, vumbi likatolewa kwa brashi ya kusafishia cherehani.

Diski ya zamani ilichomolewa na kukabidhiwa kwa fundi nakshi. Aliifunga kwenye kipande cha flana na kuiweka mapajani, mikono yote miwili juu yake.

Matatizo mawili yalijitokeza. Kwanza, diski ya pili, kwa kuwa ni ya kompyuta ya mkononi, ilikuwa ndogo kuliko nafasi yake na ilichezacheza. Mwenyekiti alipendekeza lastiki ya kiunoni, ya inchi moja. Ilifungwa kwa muda hadi kibati cha kuishikilia kipatikane, na haikucheza tena.

Pili, waya wa umeme wa kuitosha haukuwepo. Waya uliobaki ulikuwa unalisha kisomeo cha sidii. Mpiga pasi alipinga vikali, akisema bila nyimbo zake pasi haiendi, na kwamba watu hawajui joto la kule kwenye kona. Aliahidiwa kwamba nyimbo zake zitaingizwa kwenye mfumo mpya na hatabadilisha sidii tena. Aliomba ahadi hiyo iandikwe. Imeandikwa.

KUMB. NA. 4/6: KUWEKA MFUMO

Mkata vitambaa alichomeka flashi aliyoiandaa darasani, yenye mfumo wa bure ambao ni mwepesi kwa mashine zilizozeeka. Mara mbili alichelewa kubonyeza kitufe cha kuchagua, na kompyuta ikalalamika kwamba haioni pa kuanzia. Mara ya tatu alianza kubonyeza kabla kioo hakijawaka, akabonyeza kama mtu anayepiga hodi kwenye nyumba inayoungua. Ukurasa wa buluu ulitokea. Mwenyekiti alipiga makofi na kuacha alipoona yuko peke yake.

Maswali ya lugha, saa na jina yalijibiwa bila mabishano, isipokuwa la jina la kompyuta. Mpiga pasi alitaka "Bibi Harusi". Ilipitishwa "Cherehani".

Kisha lilikuja swali kubwa. Kioo kiliandika kwamba kila kitu kilichomo ndani ya diski kitafutwa, na kuuliza kama tuna uhakika.

Mkata vitambaa aliondoa mkono kwenye kipanya, akasubiri. Fundi nakshi alisimama na flana yake, akatoka nje hadi mwisho wa korido, karibu na ndoo za kufulia. Kutoka huko alisikika akisema kwa sauti:

"Haya, abonyeze sasa!"

Katibu alimwambia abonyeze. Alibonyeza.

Kazi ilichukua dakika thelathini na nane. Wakati wa kusubiri, wajumbe walipitisha kwamba zamu ya kufagia chumba cha kukatia ianze kufuatwa kama ilivyobandikwa ukutani. Mpiga pasi aliuliza ni wapi imebandikwa. Alioneshwa. Imebandikwa juu ya meza yake ya pasi.

KUMB. NA. 4/7: JINO

Mfumo mpya uliwaka saa 5:35. Barua pepe ilifunguka, mchoro ukafunguka, na jino likatokea kioo kizima, jeupe, lenye macho na tabasamu. Wajumbe walilitazama kwa muda. Mwenyekiti alisema kwamba kwa kweli halifanani na kiazi. Fundi nakshi, aliyekuwa amerudi na kusimama mlangoni, alicheka kwa mara ya kwanza katika kikao hiki. Jino liliwekwa kwenye flashi katika aina ambayo programu ya zamani inaisoma.

KUMB. NA. 4/8: KUREJESHA DISKI YA ZAMANI

Kompyuta ilizimwa tena na waya kuchomolewa. Fundi nakshi aliifungua flana na kumkabidhi Katibu diski, Katibu akamkabidhi mkata vitambaa, akairudisha mahali pake. Kompyuta iliwashwa. Ilipita moja kwa moja hadi mfumo mpya. Mkata vitambaa alipoizima, akaiwasha tena na kuita orodha ya diski, orodha ilionesha diski moja tu, nayo ilikuwa ile mpya.

Fundi nakshi alishika ukingo wa meza. Mpiga pasi alimsogezea kiti. Mwenyekiti alisema kila mtu atulie, lakini alikuwa amesimama yeye.

Mkata vitambaa aligeuka, akamtazama fundi nakshi usoni bila kumtafuta Katibu. "Wifi, vuta pumzi," alisema. "Umeishika mwenyewe muda wote. Haijafutika, haijaonekana tu. Nipe dakika mbili."

Fundi nakshi alijibu: "Nakupa tano. Lakini usinifiche kitu."

Mkata vitambaa alizima, akachomoa umeme, akaingiza mkono ndani na kufuata waya kwa vidole, mdogo mdogo, macho yakiwa juu darini. Aligundua kwamba ncha ya waya wa data ilikuwa imeingia nusu. Aliisukuma mpaka ikalia "tak". Fundi nakshi alikuwa amemmulikia tochi ya simu, ingawa hakuna aliyemwomba.

Kompyuta ilipowashwa diski zilikuwa mbili. Mfumo wa zamani ulichaguliwa na ukatokea na picha yake ileile ya maua. Fundi nakshi alihesabu mafaili yake yote bila kuharakishwa. Yalikuwa kamili. Jino lilifunguliwa, likafanyiwa marekebisho ya mishono, na saa 6:50 mashine ya nakshi ikaanza kulishona kwenye kipande cha koti jeupe. Kila sindano iliposhuka Mwenyekiti alisema "Eee!" Alisema hivyo kwa dakika nne. Sampuli ilipita.

Katibu anashukuru kuondolewa kwenye kazi ya upitishaji wa maneno.

KUMB. NA. 4/9: MENGINEYO

Mkata vitambaa aliarifu kikao kwamba kutoka mfumo mpya mtu anaweza kuiona diski ya zamani na kunakili vilivyomo bila kuvibadilisha, lakini kwamba yeye hajaifungua na hataifungua bila ruhusa ya mwenyewe.

Fundi nakshi alikiri kwamba kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuwa na nakala ya mchoro hata mmoja. Aliomba michoro yote inakiliwe leo hii, na nakala zikaingia kwenye flashi moja ndogo kuliko kidole gumba.

Lilizuka swali: nakala zitunzwe wapi? Mwenyekiti alipendekeza kabati la ofisi. Fundi nakshi alikataa, akisema kabati na kompyuta vimo chumba kimoja, na bomba la juu likipasuka vyote vinaloa. Mpiga pasi alijitolea. Alishukuriwa.

Fundi nakshi alisema: "Azitunze wifi yangu, nyumbani kwake."

Mwenyekiti alimuuliza kama ana uhakika.

"Ninao," alisema. "Mwaka mzima anasoma kwa siri kwa ajili ya kitu nilichomnunia. Mimi hata kuuliza hali yake sikuuliza. Nani mwingine atazilinda kama yeye? Andika hivyo hivyo, Katibu."

Katibu aliandika. Mkata vitambaa alipewa flashi, akaitia kwenye mkoba, ndani ya daftari lake. Baada ya muda aliomba maneno ya fundi nakshi yasomwe, ili kuhakiki kumbukumbu. Katibu aliyasoma. Aliomba yasomwe tena, kwamba hakusikia vizuri. Katibu aliyasoma mara tatu, na mara ya tatu fundi nakshi alisema basi jamani, inatosha, watu wana njaa.

KUMB. NA. 4/10: KUFUNGA KIKAO

Mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye la kuongeza. Mpiga pasi alisema kikao hakiwezi kufungwa kabla nyimbo zake hazijaingia. Ziliingizwa mbili kutoka kwenye simu yake, na ya kwanza ikiwa inapigwa, kikao kilifungwa saa 7:55 mchana. Mawifi waliondoka pamoja.

…………………………
Mwenyekiti (fundi suti)

…………………………
Katibu (mshona vifungo)