Usajili wa Mwalimu Sefu, Mmoja Baada ya Mwingine

Jumapili, jioni. Jua limeshuka lakini joto halijaondoka, na hewa imesimama mpaka nguo za jirani kwenye kamba hazitikisiki. Mgongo unauma. Mikono inauma. Roho ina raha ambayo sijaiona muda mrefu.

Leo nimemtoa Mwalimu Sefu.

Kwa asiyenijua, mimi ni kibarua wa mashamba ya chumvi huku karibu na Kiswere. Kwetu ni Kasulu, na kwa kuwa ni mbali, watu wa hapa walishaacha kulishika jina langu, wananiita Kigoma. Shule niliishia darasa la sita. Kazi yangu ni kukwangua chumvi, kuisukuma kwa toroli, na kufungulia maji ya bahari yaingie kwenye majaruba. Jioni nacheza mpira. Kwa miaka mitatu nilikuwa beki wa kati wa timu ya kijiji, jezi namba nne.

Nilikuwa.

Msimu huu, kabla kombe la kata halijaanza, Mwalimu Sefu, kocha wetu, alisoma majina ya kikosi mbele ya kibanda chake cha vipuri vya pikipiki. Alipofika namba nne akasoma jina la kijana aliyemleta kutoka Rutamba. Nikauliza, "Na mimi, mwalimu?"

Hakuinua hata macho kwenye karatasi. "Wewe Kigoma miguu imeshaliwa na chumvi. Kaa benchi, uwashikie wenzako maji."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka pamoja nao. Kicheko changu mwenyewe ndicho kilichonichoma kuliko vyao vyote, na kimenichoma mpaka leo mchana.

Leo wanachama walikutana baada ya sala ya alasiri, nyuma ya banda la Bi Zuhura. Huyu mama anauza vitumbua na supu ya pweza, ni mtunza hazina wa timu, na kila mchezaji wa kuletwa amekula mezani kwake. Jambo lilikuwa moja tu: baada ya kutolewa robo fainali kwa aibu, Mwalimu Sefu aendelee kusajili wachezaji au apumzishwe. Watu wakawa wanazunguka. Huyu anamsifu kwanza, yule anakohoa, mwingine anasema mpira ndivyo ulivyo. Nikaona wataishia kuomba dua na kutawanyika. Nikasimama.

Maneno yangu nilikuwa nimeyapanga wiki mbili, nikiwa na koleo mkononi. Nilijua nianze na nani.

Nikaanza na mshambuliaji wa Dar. Nywele za dhahabu, simu mbili, viatu mguu huu rangi hii na mguu ule rangi nyingine. Mwalimu alimsajili kwa kutazama video, na video yenyewe ilikuwa ya dakika moja. Alicheza dakika arobaini, akashika paja, akakaa hapa wiki tatu akijiuguza.

"Paja lilimuuma, mdomo haukumuuma," Bi Zuhura akadakia. "Alikuwa ananiambia, mama ongeza mchuzi, daktari kasema."

Watu wakacheka, na kicheko kile kilikuwa cha upande wangu. Nilimtazama Sefu ameketi kwenye kiti cha plastiki, anachezea funguo za pikipiki yake, nikaendelea.

Nikaja kwa kipa wa Nangurukuru, aliyeletwa achukue nafasi ya Mudi. Mudi ni kipa wetu, kijana wa Newala, tunakwangua jaruba moja na tunalala chumba kimoja. Ananiita kaka. Huyo kipa mpya alifika asubuhi, akaukanyaga uwanja wetu mara moja, akasema yeye harukii mchanga. Jioni akapanda basi na kuondoka, na glavu za timu akaenda nazo. Mudi akarudi golini akidakia mikono mitupu, na hakulalamika.

Halafu nikafika kwa wale watatu wa Somanga. Hapo nilipunguza sauti ili wasogee kunisikiliza.

Mwalimu Sefu ni mtu wa bara, kwao ni mikorosho na ufuta. Alipita Somanga na pikipiki yake akawakuta vijana watatu wanauza korosho kwa abiria wa mabasi, na kila jioni wanapiga mpira mtamu ajabu. Akawasajili palepale. Akaja kutuambia amepata wafanyabiashara wa barabarani, watu wenye nafasi. Hakuwauliza kama wana kazi nyingine. Wanayo. Wanavua dagaa kwa taa. Mwezi ukiwa mkubwa dagaa hawafuati taa, ndiyo maana aliwakuta barabarani na korosho. Siku za giza la mwezi zikiingia wanakwenda dago kisiwani Songosongo, wanapiga kambi huko mpaka mwezi urudi.

Mechi mbili za kwanza ziliangukia mbalamwezi. Tukashinda zote mbili, na Sefu akawa anatembea kifua mbele kama amejifungua hao vijana mwenyewe. Kisha robo fainali ikasogezwa mbele siku kumi, kwa sababu wapinzani walikuwa na msiba. Ikaangukia giza. Siku ya mechi Mwalimu alikuwa anapiga simu zisizopatikana, huku anafuta jasho kwa skafu ya timu. Aliokota watu pembeni ya uwanja. Mimi alinivalisha jezi namba kumi na tisa akaniweka mbele, mahali ambapo sijacheza tangu nizaliwe. Tulifungwa tano bila. Mabwana wawili walikuwa wametoka Lindi mjini kuja kumtazama Mudi kwa ajili ya timu yao. Waliondoka mapumziko.

Nikawaambia wanachama, "Mwalimu amesajili kwenye mwezi mpevu, timu akaipeleka gizani."

Walipiga makofi. Mzee mmoja alirudia maneno yangu polepole, kama anayaonja.

Sefu akasema, "Jamani, ratiba ilibadilishwa. Mimi ratiba siitengenezi."

Nikamjibu, "Ratiba ilibadilishwa, mwalimu. Mwezi haukubadilishwa."

Sijui kama nimewahi kusema neno likakaa mahali pake vile. Nilikaa chini.

Niseme ukweli hapa, kwa kuwa kule sikuusema. Kuna jina moja nililiruka. Kijana wa Rutamba, aliyechukua namba nne yangu, ni bora kuliko mimi. Mipira ya juu yote ni yake. Siku tulipofungwa tano bila ni yeye peke yake aliyekaba mpaka filimbi ya mwisho, goti linavuja damu. Mtu anayepima usajili wa kocha kwa haki angeanza na huyo, aseme hapa mwalimu aliona vizuri. Mimi nilimruka kwa makusudi, na kama angetajwa na mtu mwingine ningesema ni wa kawaida tu. Sikwenda pale kupima haki. Nilikwenda kumwona Sefu akitazama chini.

Na alitazama chini. Mikono ya kumtoa ilinyooka, zaidi ya nusu. Bi Zuhura akamwambia alete begi la fomu za wachezaji, na Sefu akaenda kulitoa kwenye pikipiki yake, akaliweka mezani.

Laiti ningeondoka hapo hapo.

Bi Zuhura alikuwa ananitazama. "Sasa Kigoma, mwanangu, mimi kuna kitu sikielewi. Wale vijana nimewapikia, wana adabu zao, sahani wanaosha wenyewe. Waliondoka bila kumuaga mtu?"

Ningeweza kusema sijui. Hakuna ambaye angejua. Lakini Sefu alikuwa anavaa kofia yake, anataka kuondoka akidhani ameangushwa na mwezi na msiba wa watu. Hiyo sikuikubali. Nilitaka ajue ni mimi.

"Waliaga," nikasema. "Waliniaga mimi."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku tarehe mpya ilipotangazwa, mkubwa wao alinifuata kule chumvini. Alikuwa hampati mwalimu kwenye simu, na gari la kuwapeleka lilikuwa linasubiri. Akaniambia, "Kaka Kigoma, mwambie mwalimu sisi giza hatupo, atafute watu mapema." Nikasema nitamwambia. Nilikuwa na siku kumi. Kila jioni nilipita mbele ya kibanda cha vipuri, nikamsalimia, nikapita. Siku ya tatu hata aliniuliza habari za kazi. Nikamwambia nzuri.

Sefu akavua kofia.

"Miaka mitatu iliyopita," akasema, "nilimkuta mtu anapiga mpira wa makaratasi na vibarua wenzake kule kwenye chumvi. Nikampa viatu vyangu mwenyewe. Umewataja wote, Kigoma. Umemsahau huyo. Huyo ndiye usajili wangu mbaya kuliko wote."

Hakuna aliyecheka. Nilisubiri wacheke, kwa sababu wangecheka ningejua la kufanya.

Bi Zuhura akasema, "Jezi ya timu uliyonayo, uilete kesho." Hakuniita mwanangu.

Kwa hiyo Sefu ametoka, na mimi nimetoka naye. Nimeketi hapa mlangoni najipima kama inaniuma. Kwa Sefu, hapana. Naandika tena ili nikisoma baadaye nisijidanganye: hapana. Alinidharau mbele za watu, na mimi nimemdharau mbele za watu haohao. Viatu alinipa, ni kweli, na nilivichakaza nikiichezea timu yake.

Lakini Mudi alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyofunikwa, karibu na jiko, na nilipotaja zile siku kumi aliinua uso. Siku zote hizo tulikuwa tunalala tumeachana hatua mbili tu. Alikuwa ananiambia habari za wale mabwana wa Lindi, kwamba wakimchukua ataacha chumvi, na mimi nikitangulia kurudi Kasulu atanitumia picha akiwa na jezi ya maana. Nilikuwa namwitikia. Nilimsikiliza kila usiku nikimwitikia, na najua kwamba nilipokuwa namfikiria Sefu sikumfikiria Mudi hata mara moja. Angalau ningekuwa nimemfikiria kisha nikaamua. Hata hilo sikulifanya.

Baada ya yale mabao matano alikaa golini mpaka watu wakaisha uwanjani. Nilikwenda kumshika bega. Nilithubutu hata hilo.

Leo niliporudi chumbani godoro lake halikuwepo. Amehamia kwa vibarua wa Mtwara, nyumba ya tatu kutoka hapa, nasikia redio yao. Ilikuwa zamu yake kuteka maji. Ameteka, ndoo imejaa mpaka juu, ndipo akahama.

Sefu simwombi radhi, si leo, si mwakani.

Kesho saa kumi na mbili asubuhi mimi na Mudi tutakuwa jaruba moja, yeye na koleo, mimi na toroli. Yeye ni mdogo, ndiye anayeanza kunisalimia siku zote. Kesho nitaanza mimi. Asipoitikia, nitamsalimia tena keshokutwa.